Koti Halitoki Kazini

Jumatatu, 3 Machi

Mabadiliko! Meneja katangaza kuwa kuanzia leo kila mtu ajipangie saa zake. Uingie alfajiri, utoke adhuhuri, shauri yako. Ijumaa zitahesabiwa faili ulizofunga. Atakayeongoza ndiye mkuu mpya wa masjala. Nani kama si mimi? Miaka ishirini na mbili humu, panya wenyewe wananipa shikamoo. Nimemwambia mke wangu aanze kuniita Mkuu. Kasema ataanza Ijumaa.

Mpinzani ni mmoja: Mama Pacha, karani wa meza ya pili. Kachagua kuingia saa kumi na mbili asubuhi, saa sita huyoo, kawahi wanawe. Nusu siku! Huyo namla mchana kweupe.

Jumanne, 4 Machi

Dawa yake ni koti. Tangu jana jioni nimelitundika kitini, kalamu wazi mezani. Mimi nyumbani, miguu juu. Alfajiri mpaka magharibi koti halikutikisika. Saa kumi na tatu! Niliwahi kulinda daraja siku tatu bila kupepesa macho, lakini hapa nakiri: limenizidi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepita kulijulia hali. Balaa! Tarishi, kila akitafuta nani yupo, anaona koti. Faili za jengo zima kazitua kwangu. Mlima mpaka kwenye kola! Mama Pacha akaniuliza taratibu, "Shemeji, hilo koti limefunga ngapi?" Nikamjibu kuwa sisi wakubwa hatufungi, tunasimamia. Akajitolea kunisaidia. Nikakataa; mwanamume hasaidiwi ushindi. Nikajifunga kibwebwe. Faili ya tatu, mgongo ukagoma.

Ijumaa, 7 Machi

Mama Pacha, arobaini na moja. Mimi, tatu, na moja ni ombi langu mwenyewe la likizo. Cheo kimekwenda. Meneja akanigeukia mbele ya ofisi nzima: "Mzee, koti nimelizoea. Mgeni ni wewe."

Nyumbani mke kauliza sasa aniite nani. Nikamwambia aniite tu chakula kikiwa tayari.

Jumatatu, 10 Machi

Mkuu Mama Pacha kaniita. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Ule mlima kaugawa kwa meza zote, kaniachia faili kumi. Nichague saa nizitakazo, mradi Ijumaa ziwe zimefungwa.

Nimekaa, nimewaza kiume, kosa nimeliona. Koti lilikuwa peke yake.

Kesho naleta na kofia.