Mafuta Yangu Hayana Hatia

Jumanne, 9 Mei
Daktari ametangaza vita dhidi ya mnazi. Eti kolesteroli yangu mbaya iko juu, mishipa ya moyo itaziba, niache mafuta ya nazi nitumie ya mahindi. Nikamwambia babu zangu wote hapa mkoani Quezon waliishi kwa nazi. Akauliza wako wapi sasa. Swali la kihuni!

Kipimo kitarudiwa Ijumaa. Mke wangu Petang kaamua: kikiwa kibaya tena, sikukuu ya Mtakatifu Isidro nguruwe wa kuchoma atakatwa na kaka yake, Abundio. Kisu cha kumkatia ni changu tangu nioe! Na mwenye kisu ndiye huonja ngozi kwanza.

Jumatano, 10 Mei
Abundio kaniletea chupa ya mafuta ya mahindi, uso umejaa huruma ya uongo. Alipoondoka nikayamimina kwenye bawaba za lango, chupa nikaijaza ya nazi. Bawaba zimenyamaza. Hiyo ndiyo kazi yake. Petang kakaanga samaki, kasifu ladha. Ushindi!

Alhamisi, 11 Mei
Balaa. Petang aliiweka chupa kwenye friji. Asubuhi mafuta yameganda, meupe kama mshumaa. Ya mahindi hayagandi hivyo. Nikaeleza kwamba haya ni ya mahindi meupe. Akaipindua chupa, halikudondoka tone. Akamwita kaka yake.

Abundio akaja kushuhudia. "Shemeji, hilo dude ndilo unaloupelekea moyo wako."

Nikamhutubia: mwili una joto, tangu lini kifua kikawa friji? Hoja nimeshinda. Chupa wameichukua.

Ijumaa, 12 Mei
Sharti la kipimo: usile kitu tangu jana usiku. Nimetii kikamilifu. Asubuhi nimekunywa tu kikombe changu cha mafuta ya nazi, na kingine cha kuutuliza moyo. Mafuta si chakula. Ni dawa, kila mtoto wa huku anajua.

Mpimaji kaizungusha damu kwenye mashine, kisha akatuita. Juu ya damu pameelea kitu cheupe, kizito, kama tui la kwanza. Akauliza nimekula nini. Nikaapa sijala.

"Mzee, hii siwezi kuipima. Labda niipikie wali."

Petang alicheka mpaka akatafuta kiti. Nikadai kwamba bila majibu mabaya kisu ni changu. Akafuta machozi. "Bila majibu mazuri, baba, hushiki hata uma."

Jumatatu, 15 Mei
Sikukuu. Abundio alikata nguruwe kama anayepasua kuni. Ngozi ililia kwa mlio ninaoufahamu tangu utotoni. Mimi nilipewa samaki wa kuchemsha na boga. Abundio akaniuliza kama boga limeiva.

Nimetafakari kwa unyenyekevu, na kosa langu nimeliona. Kesho narudia kipimo. Vikombe viwili vilikuwa vichache: chini ya tui ilibaki damu. Nitakunywa vinne. Wasichoweza kukipima, watakilaumu vipi?