Vumbi Lililojaza Ukumbi wa Rahaleo

Jumatano, 9 Julai 2025

Barua pepe imefika! Watafiti wa kwasa watampa darubini mwalimu wa Mtwara atakayekusanya wasikilizaji arobaini wa somo la kwasa kabla ya Jumapili kwisha. Kwasa ni shimo jeusi lenye ulafi katikati ya galaksi ya mbali. Likila, mazingira yake hung'aa kuliko nyota zote za hapo. Kwasa nyingine zimefunikwa na vumbi, hazionekani. Hizo ndizo wanazosaka. Tatizo ni Martha wa hisabati. Naye anaitaka darubini, na ameshapata watu kumi na tisa. Mimi wa fizikia nina mke wangu tu. Naye kasema atafikiria.

Alhamisi, 10 Julai

Akili imenijia! Tangazo fupi, herufi kubwa, hadi vijijini: VUMBI JINGI LIMEPATIKANA. UKUMBINI RAHALEO, JUMAMOSI SAA NNE. MWALIMU KELVIN. Neno kwasa nimeliacha makusudi. Linatisha watu.

Jumamosi, 12 Julai

Watu themanini na sita! Wamejiandikisha wenyewe. Nikamtambia Martha. Akauliza mbona kila mmoja amekuja na gunia tupu.

Wakulima wa korosho! Ugonjwa wa ubwiri unga umeingia kwenye maua, wanatafuta salfa ya vumbi ya kupulizia mikorosho. Mzee Shafii akauliza nagawa mifuko mingapi kwa kaya. Nikasema vumbi langu liko mbali kidogo. Akauliza, Kilambo, kule mpakani? Nikasema mbele ya Kilambo. Ukumbi ukachafuka. Nikatazama mlango: mkulima mmoja, Bi Rukia, kaukalia na gunia lake.

Nikakiri yote. Kisha Bi Rukia akauliza, kama vumbi limeficha mwanga, nimejuaje kuna kitu? Nikajibu kwamba vumbi hupata joto, na zipo darubini zinazoona joto. Akasema basi ni kaa la moto chini ya jivu, mkono unajua. Wakacheka, wakaenda zao. Alhamdulillahi, hata mimi Mlutheri! Sijapigwa.

Jumapili, 13 Julai

Martha kasema waliofuata salfa hawahesabiwi. Haya. Lakini naye kaishia ishirini na saba, na watafiti wameongeza wiki nzima! Nimepumua. Nimekula sahani mbili.

Martha kanishauri niandike tu ukweli. Sawa. Vumbi marufuku. Na ukweli ni kwamba kwasa hula gesi. Nimeshabandika: GESI NYINGI MPYA IMEGUNDULIWA. NJOONI WOTE. Hapa Mtwara, kwenye visima vya gesi, nani ataelewa vibaya? Mtendaji wa kata kashapiga simu, anataka viti kumi vya mbele. Mambo si hayo!