Harufu ya Kiwanda Chenu Irudishwe

Jabe, Bujumbura
Jumatatu, 9 Juni 1997

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Kiwanda cha Bia Akaruhuko

YAH: KUPOTEA KWA HARUFU

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakutakia afya njema wewe na mitambo yako. Mimi ni Tajudini, fundi wa magari, mzaliwa wa Jabe, na Mwislamu ambaye hajaonja bia yenu hata tone. Usishangae basi kwamba ninaililia.

Ijumaa tarehe 30 Mei, redio ilitangaza kwamba kiwanda chenu sasa kinatunza mazingira. Bomba la moshi limewekewa chujio, na maji machafu hayamwagwi tena ziwani. Tuliwapongeza. Kesho yake alfajiri nikatoka nje, nikavuta pumzi, sikusikia harufu yoyote ya bia. Leo ni siku ya kumi. Malalamiko yetu ni haya:

1. Harufu ile ndiyo iliyokuwa taarifa yetu ya habari. Redio husema hali ni shwari hata risasi zikilia juu ya paa la redio yenyewe. Kiwanda hakina sababu ya kutuficha. Kimea cha bia kikichemka alfajiri, maana yake wafanyakazi wamepita vizuizi vya barabarani salama, malori yamefika, na wakubwa wanaongojea kreti zao wametulia. Siku hiyo tunafungua maduka. Kisiponukia, tunafunga virago. Kwa miaka mitatu hakijatudanganya.

2. Kazi ya kunusa ni yangu. Majirani walinichagua kwa sababu sinywi. Kabla yangu alinusa Gélase, fundi cherehani, ambaye ni mnywaji, naye aliisikia bia hata siku mji mzima ulipofungwa. Tulikwenda sokoni kwa maneno yake, tukarudi mbio, wengine bila viatu. Tangu hapo mimi husimama barabarani kila saa kumi na mbili asubuhi na kutangaza. Sasa nitangaze nini, Mheshimiwa? Chujio lenu limeniachisha kazi bila barua.

3. Tumehama. Mchana tunafanya kazi mlango nusu. Jioni kaya kumi na moja, Waislamu na Wakristo, tunabeba mikeka kwenda kulala uwanja wa kanisa. Padri ametupokea vizuri, ila ameanza kuuliza hadi lini. Nilimjibu akuulize wewe. Jirani yangu Scholastique ana mimba ya miezi minane na analala ameketi, ameegemea ukuta. Jana aliniuliza kama arudi nyumbani au azalie pale kwenye saruji. Niliona aibu, na naiona mpaka sasa ninapoandika.

4. Mmewafikiria samaki, nasi tunawapenda samaki. Mmeifikiria hewa. Lakini mtu wa Jabe naye ni kiumbe hai anayeishi katika mazingira hayo hayo, na sidhani wataalamu wenu walipita kumhesabu. Hewa yenu safi inatunyima usingizi.

Kwa hiyo tunaomba, kwa heshima zote, chujio liondolewe. Kama wafadhili waliolipia chujio watakasirika, basi lifunguliwe nusu saa tu kila alfajiri, wafadhili wakiwa bado wamelala. Kama hilo nalo haliwezekani, machicha yenu ya kimea yaletwe yamwagwe kwenye mtaro wetu, nzi tutawavumilia. Na kama kinachopungua ni bia yenyewe, pikeni mara mbili. Niko tayari kuzunguka kwa majirani zangu Wakristo nikiwahimiza waongeze chupa, kila mtu kwa uwezo wake, kwa ajili ya usalama. Dhambi yake nitaizungumza na shehe.

Nisalimie madereva, walinzi wa lango, mabibi wa ofisini, na mama wa nyumbani kwako pamoja na watoto.

Ni mimi, nikingojea upepo kutoka kwako,

Tajudini, baba Houda
Mnusaji wa Mtaa

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, mke wangu Mwanasiti ameniletea maharage gereji. Nilikuwa nimemaliza nusu sahani aliponiuliza kama sisikii kwamba yameungua. Sikusikia. Tangu Ijumaa ile ile napaka rangi gari la tajiri mmoja wa mtaa wa Asiatique, nikiwa nimejifungia ndani kwa kuogopa risasi, na inaelekea rangi imeondoka na pua yangu. Nilimwita Daphrose, muuza mkaa wa jirani, nikamwomba anuse yeye. Akainamisha kichwa.

"Harufu iko, Papa Houda. Mi nilikuwa naisikia kila siku. Lakini we ulisema apana. Mi nikisema tubaki, halafu watu wafe?"

Nimepita kwa wengine nyumba kwa nyumba. Wote walikuwa wanaisikia. Gélase alikuwa anaisikia. Scholastique alikuwa anaisikia, ameegemea ule ukuta, na hakunilaumu. Siku hizi anayesema tukimbie akikosea, watu wanachoka tu.

Kwa hiyo chujio lenu libaki, na machicha wapewe wenye ng'ombe. Leo jioni tunarudi nyumbani. Kesho saa kumi na mbili Daphrose atanusa, na mimi nitatangaza, kwa sababu amesema neno hilo hawezi kulibeba peke yake. Sikumwambia kwamba mimi pia sikuwahi kuweza.