Mholanzi Asiyepewa Mwiko

Kibao kilitundikwa asubuhi kwenye lango la Joost, Mholanzi: NYUMBA INAUZWA. Kufikia saa nane mchana kijiji chetu kizima cha Corvasco, milimani Italia, kilikuwa kimekisoma, na meza yetu katika baa ya Ornella ilikuwa na maelezo kamili ya jambo ambalo hakuna aliyemuuliza mwenyewe.

"Ni baridi," alisema Forodha. Alistaafu ulinzi wa mpakani zamani, lakini bado humtazama kila anayepita kama amebeba magendo. "Watu wa tambarare hawaiwezi milima."

"Kwani kwao Uholanzi ndiko kwenye jua?" aliuliza Sharubu, fundi mwashi. "Yule anaogelea mtoni mwezi wa tatu. Mimi nikimtazama tu napata mafua."

"Basi ni makaratasi. Kibali cha paa kilimsumbua miaka miwili."

"Alikipenda mno kibali kile. Amekitia kwenye fremu."

Ornella aliacha kufuta kaunta. "Mkewe kaniambia kwa mdomo wake. Wamechoka kuwa wageni."

"Wageni!" Forodha alipiga meza. "Anakunywa kapuchino, kahawa ya asubuhi, baada ya chakula cha mchana, tunanyamaza. Alikata majani Jumapili, mashine ikanguruma misa nzima, tukanyamaza. Anataka heshima gani tena?"

"Kila sikukuu ya kanivali, mkipikia kijiji kizima wali uwanjani, anawaomba akoroge. Mnamjibu nini?"

"Akae ale! Tunamkalisha mbele kabisa, ubavuni mwa padri!"

"Miaka tisa, Forodha! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hamjampa hata sufuria aoshe."

Hapo tulitazama chini. Masufuria yetu ya shaba ni manne, na kila mwiko una mwenyewe. Hurithiwa kama shamba, baba kwa mwana. Wapo waliougua vibaya wakagawa ng'ombe wao wote, lakini mwiko wakaulalia.

"Tena ana watoto watatu," Ornella aliendelea. "Wakiondoka, shule haina idadi, inafungwa. Mjukuu wangu ana miaka sita. Atashuka bondeni na basi, gizani, kwenye theluji, kwa sababu ninyi mmekumbatia vipande vya miti!"

Forodha alikohoa. "Basi apewe mwiko. Apewe wa Sharubu."

"Wangu? Una wazimu? Ule ni wa babu yangu! Toa wako!"

"Mimi nina mtoto wa kumrithisha."

"Mwanao yuko Zurich, anakula wali wa boksi!"

"Wako yuko Australia, na wali hali kabisa!"

Ornella alikuja mezani, akachukua glasi zote za divai, hata ile iliyokuwa imeshafika mdomoni kwa Sharubu. "Baa imefungwa mpaka mkubaliane."

Sharubu aliisindikiza glasi yake kwa macho. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa figo: "Achukue wangu. Mwaka mmoja."

"Miaka yote," alisema Ornella.

"Rudisha glasi kwanza."

Joost akaingia wakati huo. Alitusalimu mmoja mmoja kwa jina, akaagiza kapuchino.

"We bwana," Forodha alimwita. "Jumamosi hii ya kanivali, saa moja asubuhi, unakoroga. Sufuria la pili, mwiko wa Sharubu. Ukichelewa tunakupika wewe."

Joost alishika ukingo wa kaunta. "Asanteni," alisema. "Ila nina wazo moja. Wali wenu una chumvi nyingi mno. Tukipunguza nusu..."

Kiti cha Sharubu kilianguka. "Nusu? We mjinga nini? Kipimo kile ni cha babu yangu!"

Ornella alifumba macho. Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwita Joost mjinga. Tulimwita bwana, na mlango ukifunguliwa alipita wa kwanza.

Joost aligeuka, uso umemwiva, akajibu kwa kilugha chetu cha milimani bila kukosea hata sauti moja: "Mjinga ni huyo babu yako, aliyekuachia mwiko asikuachie ulimi wa kuonjea."

Forodha alicheka hadi akashika mbavu. Joost akavuta kiti, bila kuuliza kama kina mtu, akaketi katikati yetu.

"Mama," Forodha alimwambia Ornella huku akijifuta machozi, "mjukuu wako atasoma hapahapa. Huyu haendi popote."

"Bora angeenda," alisema Sharubu, akamsogezea chupa.