Vipozea Mawimbi vya Fundi Ngusa

Ngusa alikuwa Mlandizi anasubiri chipsi zake zikaangwe alipomsikia mwanamke mmoja akimfokea dereva wake kwenye simu mpaka wauza matunda wakageuka.

"Simu haipatikani kutwa nzima! Umeona sasa? Mteja wa mchanga kachukuliwa na Kondo!"

Mtu mwenye moyo angemhurumia. Ngusa alizisahau chipsi.

Alikuwa fundi wa redio koli, zile za kwenye magari ambazo dereva anabonyeza maiki na kuongea bila vocha. Na alikuwa fundi kwelikweli, hilo tusimnyang'anye. Alijifunzia kwenye gereji ya magari ya watalii Arusha. Angeweza kula vizuri kwa ufundi tu. Shida ni kwamba ufundi ni kazi ya kimyakimya, na yeye kukaa kimya kulimuumiza meno.

"Shikamoo mama. Samahani, nimesikia. Kusikia ndiyo kazi yangu."

Mama Elinipa, mwenye matipa mawili ya mchanga kule Mbwawa, alimkagua kuanzia viatuni. "Marahaba. Unauza nini?"

"Masikio. Nikikufungia redio koli utaongea na madereva wako popote. Na wa Kondo wakiongea, unawasikia."

Mama akaacha kutazama viatu. "Kwani Kondo anazo?"

"Anazo," alijibu Ngusa. Wala haukuwa uongo mkubwa. Ni vile tu alikuwa bado hajamuuzia.

Kesho yake alikuwa Mbwawa, amefunga antena juu ya bodi la tipa. Akachomeka mita yake, akamwomba dereva, dada mmoja mpole aitwaye Atupele, abonyeze maiki. Sindano ikakimbilia kwenye nyekundu.

"Mnaona?" Ngusa alishika kichwa kama aliyefiwa. "Mawimbi hayatoki. Yanagonga antena, yanarudi, yanaichoma redio."

Hadi hapo alisema kweli tupu. Alichokificha ni sababu: chini ya bolti ya antena kulikuwa na rangi, chuma hakikugusa chuma. Dawa yake ni kipande cha msasa na dakika mbili. Lakini nani amewahi kutajirika kwa msasa?

Akatoa kopo dogo jeusi, zito. "Kipozea mawimbi. Cha Ujerumani."

Kilikuwa kopo la dawa ya viatu, ndani amezungusha bomba la shaba la friji bovu. Akapanda nalo juu "kufuta vumbi", akakwangua rangi haraka haraka, akakaza bolti, akamwambia Atupele abonyeze tena. Kisha akashuka, akalifunga kopo chini ya dashibodi kwa madaha ya daktari mkuu.

"Sasa tazameni sindano!"

Sindano ilikuwa imelala chini kabisa. Mama Elinipa alipiga makofi. Atupele hakupiga.

Tipa la pili nalo likapata kopo lake. Siku iliyofuata Ngusa alipanda Kisarawe kwa Mzee Kondo, naye akamfungia redio na makopo kwenye matipa yake mawili.

"Yule Elinipa nitamsikia?" aliuliza mzee.

"Hata akipiga chafya, mzee wangu."

Wiki nzima Ngusa alikula raha. Kirikuu yake, kigari kidogo cha mizigo, ilikuwa na redio yake, akawa anawasikiliza mahasimu wawili wakifukuzana kwenye chaneli moja. "Toka kwenye redio yangu!" "Yako? Hii nimeinunua, mama!" Alicheka hadi akaegesha pembeni.

Alhamisi asubuhi sauti zikashuka, zikawa za kunong'ona.

"Mzee Kondo, kuna Mzambia mwenye malori anavitaka vile vikopo. Milioni kila kimoja."

"Vya Ngusa?"

"Ndiyo. Lakini hivihivi vilivyokwisha kuiva kwenye magari. Vipya hataki. Kesho saa nne, Mlandizi, kituo cha mafuta. Ngusa asijue."

Ngusa alikaa akiutazama usukani. Alijua kilichomo kwenye kopo kuliko mtu yeyote duniani, maana alilisugua mwenyewe. Lakini milioni ina lugha yake. *Labda,* alijiambia, *nilivumbua kitu bila kujua. Wavumbuzi ndivyo walivyo.* Kwa nini maadui wawili wanong'onezane kwa adabu namna ile, hilo hakujiuliza.

Mbwawa alifika anahema. "Mama, vile vipozea nimegundua vina kasoro. Nivirudishe."

"Mbona vinapoza vizuri tu?" Mama Elinipa alikuwa mtulivu ajabu. "Nimeshavizoea, fundi."

Alivikomboa kwa mara tatu ya bei aliyouzia. Kisarawe Mzee Kondo alikuwa mgumu zaidi. Fedha zilipokwisha, Ngusa akaongeza mita yake, na mita ilipokataliwa, akaing'oa redio ya kwenye kirikuu. Mafuta nayo yakamwishia hukohuko, akaiacha kirikuu na kudandia lori hadi Mlandizi.

Ijumaa saa nne alikuwa kituoni, makopo manne yamepangwa juu ya kitambaa safi. Saa tano. Saa sita. Kila lori la nje lilipopunguza mwendo alirekebisha kola. Saa saba lilisimama tipa la mchanga.

"Mzambia hayupo, fundi," alisema Atupele kutoka dirishani.

Ngusa alishika pembe za kitambaa, akayafunika makopo. "Mlijuaje?"

"Nilibonyeza maiki, sindano ikashuka. Kopo ulikuwa bado umelishika mkononi."

"Na Kondo?"

"Mama alimpigia, wakacheka saa nzima. Tulijua unatusikiliza kwenye kirikuu. Mzambia kamtunga mzee. Mama alitaka awe Mkongo."

Ngusa alitafuta hasira moyoni, akakuta kicheko. Milioni! Kwa dawa ya viatu! Ametumia lita zake za mafuta kwenda kuibembeleza takataka yake mwenyewe, hadi akalipa.

"Panda," alisema Atupele. "Kuna tipa la jirani yetu, redio yake inakoroma. Atakulipa kukwangua rangi, na nauli ya kurudi kuchukua gari lako."

Alipanda. Atupele akachukua maiki. "Nimempata. Alikuwa amevitandikia kitambaa."

Spika ikalipuka vicheko viwili, kimoja cha Mbwawa na kingine cha Kisarawe, lakini vimejaa mikwaruzo. Ngusa alivumilia kidogo, akashindwa. Akanyoosha mkono, akazungusha kitufe taratibu, nusu unywele huku, nusu unywele kule, hadi mikwaruzo ikaisha na wakawa wanamcheka safi kabisa.