Fataki za Sendofu ya Mektilda

Jumapili, 17 Novemba

Kikao cha mwisho cha sendofu, sherehe ya kumuaga binti yangu Mektilda kabla ya ndoa. Kimefanyika kwangu, hapa Isevya, lakini kiti cha mbele amekikalia shemeji Festo, kaka wa mke wangu. Tumbaku ya Urambo imemnenepesha. Turubai, lake. Muziki, wake. Keki ya ghorofa, yake. Akaniuliza mbele ya wajumbe wote, baba wa binti analeta nini. Nikasema fataki. Za kutengeneza mwenyewe. Wakacheka. Katibu akaandika: soda.

Josepha hakucheka. Mke wangu siku hizi hacheki wala hagombi, anakunja kanga tu. Afadhali angegomba.

Mimi ni fundi baiskeli katika mji uliohamia kwenye bodaboda. Kwa turubai siwezi kushindana. Lakini angani Festo hajaweka kiti.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimefunga kibanda mapema. Hakuna mteja aliyegundua. Nimetazama video ya roketi kwenye simu mpaka bando likakata, jamaa ndiyo kwanza anafika sehemu muhimu. Iliyobaki nimeikisia. Mirija ya karatasi ngumu nimepata kwa muuza vitambaa. Fito nimechonga mwenyewe. Unga wa baruti, sisemi nimeupata wapi, hata humu.

Nimetengeneza nne. Zimesimama ukutani kama watoto wa kipaimara. Nimezitazama muda mrefu. Sijui mara ya mwisho nilijivunia nini.

Jumatano, 20 Novemba

Jaribio. Roketi haikupanda. Ilitambaa. Ikakata uani kama panya aliyeona paka, ikapenya tundu la ukuta, ikaenda kuzimikia kwa jirani, Bi Mwamvita, juu ya mchele alioanika mkekani. Nikaenda kuomba radhi nikiwa na nyusi za upande mmoja. Shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akanitazama. Nilitegemea matusi. Akanena kwa upole, na huo upole ndio uliouma.

"Baba Mektilda, kama kuna kinachokusumbua, sema. Tusije tukakusikia redioni."

Nikamwambia hakuna kitu. Nikamsaidia kupepeta. Mchele umeshika harufu ya baruti. Atawapa kuku, na kuku wenyewe wanasita.

Alhamisi, 21 Novemba

Roketi zilizobaki zilikuwa na unyevu. Mbili nikazianika juu ya bati. Saa hiyohiyo ikashuka mvua ya kwanza ya maana. Wakulima wa mkoa mzima wanamshukuru Mungu. Mimi nimeokota uji wa karatasi.

Ya mwisho ilikuwa salama chini ya kitanda, mpaka Josepha alipofagia. Akauliza kama nataka kumwoza binti au kumzika mke. Akaitoa nje kwa koleo, akaiweka kwenye banda la kuni. Kisha akakaa kizingitini. Akasema Mektilda akishaenda Kigoma kwa mumewe nyumba itakuwa kubwa mno kwa watu wawili. Alisema kwa sauti ya chini, kama anayeuliza. Nikaitikia ndiyo. Nilikuwa nawaza upepo wa Jumamosi utatoka upande gani.

Jumamosi, 23 Novemba

Niandike kama ilivyokuwa.

Mpango: keki ikikatwa, roketi ipande. Nikajificha nyuma ya vyoo vya uwanja wa sherehe, suti yangu ya ndoa imenibana kwapani, jua linaelekea kuzama. Kiberiti kilikuwa na unyevu. Njiti zikavunjika, moja baada ya nyingine. Kwenye turubai nikasikia mshereheshaji anamwita baba mzazi aje alishwe keki na binti yake. Nikasema moyoni, subirini kidogo. Akaita tena. Nikakwangua. Akaita mara ya tatu, watu wakaanza kunong'ona, na njiti ikashika.

Ikapanda. Wima kabisa. Ikapita nguzo za umeme, ikapasuka nyekundu, halafu ikamwagika kama dhahabu juu ya mabati ya Tabora. Maishani mwangu sijafanya kitu kilichonyooka namna ile. Machozi yalinitoka. Nikageuka nione nyuso za watu.

Hapakuwa na mtu. Wote walikuwa ndani ya turubai la Festo, wanaimba, muziki umefunguliwa mpaka mwisho. Aliyeona ni mbuzi mmoja, naye aliendelea kutafuna.

Nikaingia. Festo alikuwa na krimu kwenye masharubu. Amelishwa yeye, kwa niaba yangu. Wamepiga picha. Mektilda akashuka jukwaani na gauni lake, akanifungulia kiganja, akaniwekea kipande cha keki kilichofungwa kwenye tishu.

"Nilikutafuta, Baba."

Nikamuuliza kama ameiona. Akauliza, nini.

Jumapili, 24 Novemba

Misa sikwenda. Keki nimeila peke yangu kibandani. Josepha amesema mtoto hakulia mbele ya watu, alivumilia, alilia ndani ya gari. Kanga zote zimekunjwa.

Festo amepiga simu kunishukuru kwa soda. Soda alileta yeye.

Jumanne, 26 Novemba

Mektilda amekuja kibandani. Akakaa kwenye tairi bovu, kama alipokuwa mdogo akinisubiri nifunge kazi. Hakunilaumu. Alisema ndoa ni Jumamosi, na mlangoni mwa kanisa mjomba ameshajitolea kumsindikiza, endapo nitakuwa na shughuli. Nikasema sina shughuli. Akanishika vidole, hivi vyeusi vya mafuta ya cheni.

"Basi njoo mikono mitupu, Baba. Mkono wako tu ndio nautaka."

Nikaahidi. Nililia kidogo, naye akalia, mteja mmoja aliyekuja kuziba pancha akaondoka kwa heshima. Nimeelewa. Kwa kweli nimeelewa. Nilimwacha mtoto jukwaani kwa sababu nililazimika kukaa karibu na roketi kuiwasha. Hilo ndilo kosa, na halitarudiwa.

Jioni hii nimepima uwanja wa kanisa kwa hatua, toka kwenye kengele mpaka mlangoni. Roketi mpya nikiiwekea utambi mrefu, nikauwasha kabla gari la bibi harusi halijafika, nitakuwa na nafasi ya kutosha kusimama mlangoni, kumpa mkono, na kuingia naye taratibu.

Mikono mitupu kabisa.