Chumvi ya Izigo

Jumatatu, 2 Machi

Nakufa. Si leo, lakini siku zimebaki chache. Presha, moyo, magoti, vyote vimeshatoa taarifa. Kwa hiyo naandika nilichoficha, nisije nikasomewa huko juu mbele ya watu ninaofahamiana nao.

Nilichoficha ni hiki. Kila Alhamisi, mwaka wa tatu sasa, namwambia binti yangu Consolata kwamba nakwenda kliniki ya presha Muleba. Muleba sifiki. Nashuka Izigo, kwa Violeth, muuguzi mstaafu, mjane, mwenye jiko lake. Kule nakula chumvi.

Daktari alinikataza chumvi. Consolata akaipokea amri ile kama amri ya kumi na moja. Ebitoke, ndizi zetu za kupika, bila chumvi. Maharage bila chumvi. Sato, samaki aliyetolewa ziwani kwa nia njema kabisa, bila chumvi! Mwalimu mkuu mstaafu, miaka themanini na mbili, anatafuna chakula chenye ladha ya karatasi ya mtihani.

Uzuri wa mpango wangu ni basi. Basi la Bukoba na Muleba husimama popote mtu anaponyoosha mkono. Litasimama kupakia mikungu ya ndizi. Litasimama dereva amsalimie shangazi yake, naye shangazi hana haraka. Asubuhi nzima kwenda, jioni nzima kurudi. Nani atauliza mgonjwa alikuwa wapi mchana kutwa? Alikuwa kwenye basi!

Leo redio imetangaza kwamba njia yetu inapewa mwendokasi. Kama Dar es Salaam! Mabasi mapya, njia yao wenyewe mjini, tiketi unakata kabla ya kupanda. Bukoba hadi Muleba chini ya saa moja. Vituo ni stendi, Kibeta, Kemondo, Muhutwe, Muleba.

Izigo haimo.

Consolata alipiga makofi jikoni. Alisema, "Taata, utakwenda kliniki na kurudi kabla chai haijapoa!"

Nimekwisha.

Jumatano, 4 Machi

Mkutano wa hadhara hapa Kibeta. Mhandisi ni msichana anaitwa Nancy, kizibao cha njano, ramani ndefu kuliko yeye. Aliniamkia vizuri, shikamoo babu, akanipa kiti cha mbele. Nilimhurumia. Nilikuwa nimekuja kumharibia mradi.

Nilisimama. Nilizungumza kama mwalimu wa jiografia. Udongo wetu, miteremko yetu, mvua za masika. Kisha nikaingia kwenye tiba: mwendo wa kasi hupandisha damu ya mzee kichwani na haishuki tena. Nilikuwa nimeanza kuteka watu. Kina mama wawili waliguna.

Ndipo akasimama Rugemalira.

Nimweleze Rugemalira. Bwana shamba mstaafu, jirani yangu, tunaimba sauti moja kwaya ya wazee na hatujawahi kukubaliana juu ya jambo lolote isipokuwa lile analolijua Mungu. Alisema Mwalimu Josia alipinga umeme, akapinga bomba la maji, akapinga simu za mkononi, na leo mfukoni anazo mbili. Alisema Mwalimu anataka basi limsubiri afunge kamba za viatu. Watu walicheka mpaka mwenyekiti wa mtaa akavua miwani.

Nancy akaomba wanaoutaka mradi wanyooshe mikono. Consolata alinyoosha yote miwili.

Alhamisi, 5 Machi

Izigo. Nilimweleza Violeth habari mbaya. Badala ya kulia, akacheka. Aliuliza kwa nini nisimwambie mwanangu kwamba nakuja kwake. Nikamkumbusha mimi ni mzee wa kanisa. Nikamkumbusha kuna Rugemalira. Alisema yeye hajawahi kunificha, majirani zake wote wananijua, wananiita "mgonjwa wa Violeth."

Sato, ebitoke, nyanya chungu. Nilikula sahani mbili. Ah, chumvi ile! Sitaki hata kuieleza.

Alipokuwa anaosha vyombo, amenipa mgongo, alisema, "Basi likiacha kusimama hapa, Mwalimu, mimi nitakula na nani?"

Nilijifanya natafuta fimbo. Fimbo ilikuwa mkononi.

Huu mwendokasi lazima ufe kabla yangu.

Jumamosi, 7 Machi

Leo majaribio ya basi jipya stendi ya Bukoba. Wananchi wapande, washuke, wapande tena, wataalamu wapime muda. Nikaona Mungu ameniletea silaha mlangoni. Mwendokasi unaishi kwa kupanda upesi, basi mimi nitapanda polepole.

Nilipanda polepole hivi kwamba hata mimi nilichoka. Mguu mmoja kwenye ngazi. Kupumzika. Kuulizia habari za familia ya dereva. Mguu wa pili. Kurudi chini kwa sababu nimesahau kofia. Nyuma yangu foleni ilifika kwa wauza viatu. Mama mmoja aliniambia, "Babu, hilo ni basi, si mlima!" Nilimjibu kwamba kwa umri wangu havina tofauti.

Nilishuka nimeshinda. Nancy akanijia mbio, macho yanang'aa. Alinishika mikono yote miwili. Alisema nimewaonyesha kosa ambalo ofisi nzima haikuliona: ngazi! Sasa watajenga majukwaa ya kupandia yenye kimo sawa na sakafu ya basi, mtu aingie kama anaingia sebuleni kwake. Alisema hilo peke yake litapunguza muda wa safari nzima.

Wakanipigia makofi. Wakanipiga na picha.

Kwa juhudi zangu binafsi, basi limezidi kuwa la haraka.

Jumapili, 8 Machi

Nancy, ambaye sasa ananiita "mshauri wetu," aliniambia siri ndogo mlangoni mwa kanisa. Alhamisi watahesabu abiria njia nzima, nani anapanda wapi, nani anashuka wapi. Mahali palipoachwa panaweza kuongezewa kituo, mradi watu waonekane.

Watu waonekane! Izigo siku ya kawaida hushuka mimi, mwalimu mmoja na kuku.

Niliwaza ibada nzima. Sikusikia mahubiri, na kwa kuwa yalihusu uongo, ni afadhali. Kitu gani kitawatoa watu wa Kibeta majumbani siku ya kazi na kuwapeleka Izigo bila kuuliza? Mkutano? Hawaendi. Semina? Bila posho hawaendi. Msiba? Wataenda kwa magoti.

Baada ya ibada nilimvuta Rugemalira kando. Nilisema kwa sauti ya chini, "Nimefiwa. Izigo. Maziko Alhamisi. Tafadhali, usimwambie mtu."

Kumwambia Rugemalira afiche neno ni kumpa kuku ulinzi wa ulezi. Aliuliza nyumba gani. Hapo sikuwa nimejiandaa. Izigo nzima naijua nyumba moja tu. Nikasema ule mlango wa bluu chini ya kanisa, miparachichi miwili.

Sijafika getini, watu wameshaanza kunipa mkono. Rugemalira amejiteua mratibu wa kuni na ndizi.

Consolata aliniuliza nimefiwa na nani. Nikasema rafiki wa zamani, na kwamba daktari amenikataza kulizungumzia. Aliniangalia kwa muda mrefu. Alisema, "Pole, Taata. Kliniki Alhamisi utaacha?" Nikasema nitaacha, msiba kwanza.

Mpango ni huu: Alhamisi nabaki kitandani, nimelemewa na huzuni. Wao wanashuka Izigo, wanahesabiwa, hawaoni msiba, wanarudi. Nani ataumia? Hakuna!

Alhamisi, 12 Machi

Miguu ina mazoea.

Niliamka nikakumbuka sauti ya Violeth na vile vyombo. Nikajiambia, nimwonye tu. Niwahi basi la kwanza, nimwambie afunge mlango aende kwa dada yake, nigeuze. Dakika chache. Nikafika. Akasema amechemsha ndizi. Nikakaa. Sahani ikaja.

Nilikuwa katikati ya samaki niliposikia vilio vinapanda kutoka barabarani.

Mabasi matatu! Kina mama wa Kibeta, kanga viunoni, mikungu kichwani. Wazee wa kwaya. Kuni. Sufuria ya msiba, ile kubwa ya usharika, imebebwa na wanaume wanne. Walimkuta Violeth mlangoni wakamrukia, pole mama, pole waitu, Mungu ametoa, wakamkumbatia mmoja mmoja. Violeth alipokea pole kama thelathini bila kujua amefiwa na nani. Juu ya mabega yao alikuwa ananitazama mimi. Nilimeza mwiba.

Akaingia Rugemalira. Suti nyeusi. Mkononi hotuba ya kumsifu marehemu, kurasa tatu, na marehemu mwenyewe hamjui. Aliniona nimekaa mezani, kitambaa kifuani. Akaangalia samaki. Akaangalia chumba chote akitafuta jeneza. Aliuliza, "Mwalimu, marehemu yuko wapi?"

Nikamwonyesha koo kwa kidole. Ule mwiba!

Violeth alifuta mikono kwenye kanga. Alisema, "Marehemu ndiye huyu mnayemwona. Mwaka wa tatu huu anakufa kila Alhamisi hapa kwangu, kisha anaomba kuongezwa. Karibuni ndani, mzigo huo msirudi nao."

Mama mmoja akaanza kucheka huku machozi ya msiba hayajakauka, na nyumba nzima ikafuata. Rugemalira alikunja hotuba yake taratibu. Alisema ataitunza, ataitumia siku yangu ikifika kweli, na ataongeza ukurasa wa nne.

Nikadhani yameisha. Kumbe Consolata alikuwa nyuma yao, ameomba ruhusa shuleni anakofundisha. Alipita kati ya watu akaja mpaka mezani. Hakuniangalia. Aliangalia sahani yangu. Akachovya kidole kwenye mchuzi, akaonja.

Sasa, nilijiambia, sasa ndiyo nakufa.

Akaonja tena. Akamtazama Violeth. Violeth akamtazama yeye. Consolata akamshika Violeth mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo, akamwamkia kwa Kihaya kama mtu anavyomwamkia mama. Kisha akafunga kanga yake vizuri akaenda kumenya ndizi pamoja na wengine.

Walipika. Walikula. Waliimba, maana kwaya ilikuwepo na haikutaka kupoteza nauli. Saa kumi Nancy alikuja amebeba makaratasi, anahema. Aliuliza kuna nini Izigo. Waliohesabiwa kushuka hapa wamezidi wa Kemondo na Muhutwe kwa pamoja! Wote walinigeukia mimi. Nikasema Izigo ni mji unaokua.

Ijumaa, 13 Machi

Mchungaji aliniita. Alijaribu kunikaripia lakini alikuwa anakumbuka yale maparachichi aliyokula jana kwa Violeth. Aliishia kunisimamisha uzee wa kanisa mpaka Pasaka. Rugemalira anashika nafasi yangu kwa muda. Amekwisha kununua tai.

Njiani watoto wananiamkia, "Shikamoo marehemu." Naitikia. Adabu ni adabu.

Consolata hajasema neno. Mchana aliniwekea ebitoke bila chumvi. Nikala. Sijui anachojua. Nimeamua kwamba hajui kitu.

Jumatano, 29 Aprili

Imethibitishwa! Kituo cha Izigo kimo kwenye ramani. Kina paa, kina jukwaa, kitakuwa mita chache kutoka mlango wa bluu. Nancy alinipigia mwenyewe, akanishukuru. Rugemalira anadai kituo kimepatikana kwa uratibu wake. Mwongo mkubwa yule.

Lakini furaha yangu ilidumu mpaka aliponitajia muda. Kibeta hadi Izigo, nusu saa na kidogo. Nusu saa! Nikienda asubuhi, chai ya saa nne itanikuta nimesharudi. Mchana wote wa Alhamisi umeibwa na maendeleo.

Nimepata dawa. Nimemwambia Consolata kwamba kliniki imeongeza huduma mpya: mazoezi ya magoti, kutwa nzima, na baada ya mazoezi mgonjwa hulazimika kupumzishwa mpaka jua lipoe. Nimemwambia daktari amesisitiza. Niliongeza istilahi mbili za Kilatini.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Akaingia chumbani akatoka na kifurushi. Kahawa ya kutafuna kutoka kwa wajomba zake wa Kaagya, na kanga mpya, doti nzima. Alisema, "Mpelekee Ma Violeth."

Nilifikiri haraka. Mtu wa akili hakamatwi mara mbili! Nikasema sijui kama nitapita huko, ila naweza kukiacha kliniki, pengine kuna mtu anayemfahamu.

Alisema, "Sawa, Taata. Uwasalimie madaktari."

Hakushuku hata kidogo.

Basi, nafsi yangu ni nyepesi, kila kitu nimekiungama, naweza kufa wakati wowote isipokuwa Alhamisi. Limebaki jambo moja dogo, na kwa kuwa niliahidi kusema kweli, nalisema.

Siku ile ya kwanza, mwaka wa tatu uliopita, Violeth aliniwekea sahani. Nikaonja. Nikaomba chumvi. Akaniambia ameuguza watu maisha yake yote na hatamwua mtu mezani kwake kwa mkono wake mwenyewe. Hajaniwekea hata chembe, siku hiyo wala Alhamisi yoyote baadaye.

Chakula cha Izigo hakina chumvi.